Kifungu Kigumu Katika Mtihani wa Kuingia Chuo Kikuu: Hila au Kufasili?

Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu ufundishaji wa Kiswahili, ufahamu ni mada inayotajwa na wengi na kuchambuliwa na wachache. Sarufi ina wataalamu wake, fasihi ina wahakiki wake, na isimujamii haikosi watetezi. Lakini kifungu cha ufahamu, ambacho aghalabu ndicho kitu cha kwanza anachokutana nacho mtahiniwa katika karatasi ya lugha, huachwa kijitetee chenyewe. Hudhaniwa kwamba anayejua lugha atakielewa, na kwamba asiyekielewa basi hajui lugha. Wazo hilo ni jepesi, na wepesi wake ndio unaolifanya liendelee kuishi.

Makala haya yana madai matatu. Dai la kwanza ni kwamba ugumu wa kifungu si kitu kimoja, bali ni matabaka ambayo hayana budi kutenganishwa kabla ya kukabiliwa. La pili ni kwamba hila za mtihani, ambazo siku hizi hufundishwa kana kwamba ndizo kusoma kwenyewe, zina manufaa madogo na madhara makubwa. La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala, ni kwamba sisi walimu wa Kiswahili tunayo tayari njia ya kumwezesha mwanafunzi kukabili kifungu kigumu, ila tumeifungia ndani ya somo la ushairi.

Tutaanzia Marekani. Sababu ni mbili: huko mtihani sanifu wa kuingia chuo una historia ndefu iliyo wazi, na huko hila za kuukabili zimekwisha kuwa biashara kamili. Wapo pia vijana wa Afrika Mashariki wanaoufanya mtihani huo wakitafuta nafasi katika vyuo vya nchi ile. Baadaye tutarudi nyumbani tuitazame karatasi ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE wa Kenya.

Safari ya kifungu katika mtihani wa SAT

Bodi ya Marekani ijulikanayo kama College Board iliundwa mwaka 1900, na mitihani yake ya kwanza, ya mwaka 1901, ilimtaka mtahiniwa aandike majibu yake kwa maelezo. SAT ilikuja baadaye. Ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 kwa watahiniwa wapatao 8,000. Aliyeongoza utungaji wake, Carl Brigham, alikuwa mwanasaikolojia wa Princeton aliyewahi kushughulika na majaribio ya akili ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo chimbuko la mtihani huu halikuwa darasa la lugha wala la fasihi. Lilikuwa upimaji wa akili kwa maswali mafupi yenye majibu ya kuchagua.

Chimbuko hilo liliacha alama. Kwa miaka mingi sehemu ya lugha iliegemea maneno yaliyong'olewa kutoka katika muktadha wake: mtahiniwa alitakiwa ataje kinyume cha neno, au alinganishe jozi za maneno. Swali moja la ulinganishi lilipata sifa mbaya kwa sababu lilimhitaji mtahiniwa alijue neno la Kiingereza linalotaja mashindano ya mashua, mchezo ambao watoto wa matajiri waliuzoea na watoto wa maskini hawakuwa wameuona. Maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 1994, na ya ulinganishi mwaka 2005. Kila badiliko lilikipa kifungu cha kusoma nafasi kubwa zaidi, na kifungu kikaonekana kuwa ndicho kipimo cha haki.

Kilele cha mwelekeo huo kilikuwa mtihani uliofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Mtahiniwa alipewa matini tano, moja kati yake ikiwa jozi ya vifungu viwili vinavyojadiliana. Kila matini ilikuwa na maneno kati ya 500 na 750, na kwa jumla alijibu maswali 52 kwa dakika 65. Palikuwa na hadithi, maandishi ya sayansi ya jamii na ya sayansi asilia, na pia maandishi ya waasisi wa Marekani au ya mjadala mpana juu ya uhuru na haki ulioendelea baada yao. Matini za namna hii ya mwisho ndizo zilizowatia watahiniwa wengi hofu, kwani sentensi za karne ya 18 na ya 19 ni ndefu, zina vishazi ndani ya vishazi, na mara nyingi mwandishi huanza kwa kueleza rai ya mpinzani wake kabla ya kuibomoa.

Kisha yakaja mageuzi mengine. Mtihani ulipohamia kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa nchi za nje na mwaka 2024 kwa Marekani yenyewe, kifungu kirefu kiliondolewa. Sasa mtahiniwa husoma vifungu vya maneno kati ya 25 na 150, kila kimoja kikiwa na swali moja tu. Maswali ni 54 na muda ni dakika 64. Watetezi wa badiliko hili husema kwamba vifungu vifupi huruhusu mada nyingi zaidi, na kwamba mtahiniwa aliyekwama katika kimoja hapotezi maswali kumi kwa mpigo. Hoja hizo hazikosi uzito. Hata hivyo, tunaona kwamba kuna kitu kimeachwa njiani. Katika maneno 150 mwandishi anaweza kutoa dai. Ni vigumu sana alijenge dai, alitilie shaka, amruhusu mpinzani aseme, kisha alirejee likiwa limebadilika. Na kazi hiyo ndiyo inayomngoja mwanafunzi katika wiki yake ya kwanza chuoni.

Haja ya mtihani wenyewe nayo imebishaniwa. University of California iliamua mwaka 2020 kuachana nao. MIT iliurudisha mwaka 2022 baada ya kuusimamisha kwa muda. Dartmouth ikatangaza hivyo hivyo mwaka 2024. Hatukusudii kuamua ugomvi huo. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba, kwa takriban karne nzima, watunzi wa mtihani huu wamekuwa wakiuliza swali lile lile ambalo sisi hatujaliuliza vya kutosha: je, kifungu kigumu kinapima nini hasa?

Hila na mipaka yake

Palipo na mtihani wenye thawabu kubwa hapakosi mtu wa kufundisha namna ya kuupita. Stanley Kaplan alianza kuwafundisha wanafunzi nyumbani kwa wazazi wake huko Brooklyn mwaka 1938, na kutokana na kazi ya namna hiyo ikakua biashara ya matayarisho ya mitihani iliyoenea duniani. Vitabu vya matayarisho vinavyouzwa leo vinafanana sana katika ushauri wao. Msomaji huambiwa asome maswali kabla ya kusoma kifungu. Asipoteze muda kwa kusoma kila neno. Asome sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya. Ayafute majibu yaliyo dhahiri kuwa si sahihi. Ayaogope majibu yenye maneno ya kukaza kama vile "daima" na "kamwe". Na akiacha kifungu kigumu, akirudie mwishoni.

Si haki kuzidharau hila hizi zote kwa pamoja. Ushauri wa kuacha kifungu kigumu na kukirudia una hekima, kwa maana muda ni sehemu ya mtihani. Katika SAT ya mwaka 2016 kila swali lilikuwa na sekunde 75 kwa wastani, na sekunde hizo zilijumuisha kusoma kifungu chenyewe. Mtahiniwa anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika tano anajidhulumu. Kadhalika, kusoma maswali kwanza humsaidia anayetafuta jambo dogo lililotajwa mahali fulani, kama vile mwaka au jina la mahali.

Lakini hila hizo hukoma pale ugumu unapoanzia. Swali likiuliza ni kwa nini mwandishi amemtaja mpinzani wake katika aya ya pili, sentensi ya kwanza na ya mwisho hazitoshi. Likiuliza msimamo wa mwandishi umebadilikaje, aliyeruka katikati ya kifungu ameruka jibu. Hila humfikisha mwanafunzi mlangoni, na hapo humwacha.

Kuna utafiti mmoja unaopaswa kutufikirisha. Mwaka 1990 Stuart Katz na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo wanafunzi walipewa maswali ya ufahamu ya SAT bila kupewa vifungu vyenyewe. Wanafunzi hao walijibu kwa usahihi zaidi ya ule ambao ungetokana na kubahatisha tu. Yaani, maswali na majibu yaliyoandamana nayo yalikuwa yakisemezana kiasi kwamba mtu makini aliweza kunusa jibu bila kusoma matini. Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba hila haizaliwi na uvivu wa mwanafunzi pekee. Huzaliwa pia na udhaifu wa swali. Mtunzi akitunga swali linalojibika bila kusoma, amemfundisha mtahiniwa kwamba kusoma si lazima, na funzo hilo hushika kuliko mafunzo yote ya darasani.

Matabaka ya ugumu

Mwanafunzi anaposema "kifungu hiki ni kigumu", huwa hajatueleza jambo lolote la kutusaidia. Ni kama mgonjwa anayemwambia tabibu kwamba anaumwa. Kwa maoni yetu, ugumu una matabaka makuu matatu: msamiati, muundo wa sentensi, na maarifa ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa msomaji anayo.

Tabaka la msamiati ndilo linaloonekana kwa urahisi, na ndilo linalotiliwa mkazo kupita kiasi. Walimu huwapa wanafunzi orodha za maneno magumu, nao huyakariri. Lakini neno geni moja au mawili hayaangushi kifungu. Anayeangushwa na neno geni huwa ameangushwa na hofu. Amesimama hapo, akasahau kwamba sentensi inaendelea na kwamba huenda aya inayofuata inalieleza neno hilo kwa maneno mengine.

Tabaka la pili, la muundo, ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Tuchukue sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mjadala huu:

"Sera ambazo wakoloni waliwarithisha watawala waliowafuata, na ambazo wengi walidhani zingefutwa mara bendera mpya zilipopandishwa, ndizo zilizotumiwa na baadhi yao kuwanyamazisha wale wale waliozipinga tangu awali."

Sentensi hii ina maneno 26, na hakuna hata moja lisilojulikana na mwanafunzi wa kidato cha nne. Hata hivyo, ukimwuliza ni nani aliyemnyamazisha nani, kuna hatari kubwa kwamba atajibu kuwa wakoloni waliwanyamazisha watawala. Amelishika jina la kwanza linalotaja watu, akalifanya kuwa mtenda. Baina ya kiima "sera" na "ndizo zilizotumiwa" yamepita maneno 14, na njiani humo wamepita wakoloni, watawala, watu wengi na bendera.

Kiswahili kinampa msomaji kamba ya kushika katika msitu huu, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Kiambishi "-zi-" katika "waliozipinga" kinatuambia kwamba kilichopingwa si watu. Lakini kamba hiyo haifiki mwisho wa safari. "Sera" na "bendera" ziko katika ngeli moja, hivyo kisarufi mtu angeweza kudhani kwamba zilizopingwa ni bendera. "Wakoloni", "watawala" na "wengi" nao ni wa ngeli moja, hivyo "baadhi yao" ingeweza kuwarejelea wowote kati yao. Linaloamua hapa ni maana: bendera mpya zilipopandishwa, wakoloni walikuwa wamekwisha kuondoka madarakani. Kwa hiyo walionyamazisha wenzao ni baadhi ya watawala waliofuata. Mwanafunzi wetu anaposoma kifungu cha Kiingereza hana hata msaada huo wa ngeli; kiwakilishi kimoja cha wingi hubeba watu, vitu na mawazo bila kubagua.

Hapo tumeingia tabaka la tatu, la maarifa. Asiyejua kwamba kupandishwa kwa bendera mpya ni ishara ya uhuru hawezi kuitatua sentensi ile, hata awe bingwa wa sarufi. Uzito wa tabaka hili ulionyeshwa na Donna Recht na Lauren Leslie mwaka 1988. Waliwapa wanafunzi wa shule nchini Marekani maelezo ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo walielewa na kukumbuka zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Matokeo hayo yanatikisa imani kwamba ufahamu ni ustadi mmoja anaokuwa nao mtu popote aendapo. Msomaji hodari wa habari za kilimo huenda akawa msomaji dhaifu wa habari za benki.

Kwa hiyo, mtahiniwa aliyekutana na kifungu kigumu anapaswa kwanza kujiuliza: kimenishinda kwa maneno yake, kwa sentensi zake, au kwa jambo linalozungumziwa? Kila swali lina dawa yake. Neno geni hutafutiwa maana katika majirani zake. Sentensi ndefu hutafutiwa kitenzi chake kikuu na mtenda wake. Jambo geni ndilo lililo gumu zaidi kutibika ndani ya chumba cha mtihani; lakini hata hapo msomaji anaweza kuuliza mwandishi anampinga nani, kwa kuwa mabishano yana sura inayofanana katika taaluma zote. Maneno kama "ingawa", "ilhali", "licha ya", "hata hivyo" na "si kwamba... bali" ni alama za njia panda. Anayeyapita bila kuyaona hufika mji mwingine.

Kufasili nathari kwa nathari

Ni kwa namna gani basi mwanafunzi atazoezwa kufanya haya kabla ya siku ya mtihani? Hapa ndipo tunapotaka kuwakumbusha wasomaji wa jarida hili jambo wanalolijua.

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa shairi la arudhi, mojawapo ya kazi zake za kawaida ni kuuandika ubeti kwa lugha ya nathari, au kama wengine waitavyo, lugha tutumbi. Kazi hiyo inaonekana nyenyekevu, na wapo wahakiki wanaoidharau kwa kuwa humvua shairi mavazi yake. Lakini tutazame inadai nini. Mwanafunzi hana budi kuurejesha mpangilio wa maneno uliopinduliwa kwa ajili ya vina. Kulitambua neno lililofupishwa kwa ajili ya mizani. Kumtafuta mtenda aliyefichwa. Kulifikiria neno la lahaja asiyoizungumza. Na mwishowe kuamua mshairi anadai nini. Mwanafunzi wa Mwanza au wa Kakamega, asiyewahi kuishi pwani, hufundishwa kukaa na ubeti wa Kiamu mpaka ufunguke. Haambiwi asome mshororo wa kwanza na wa mwisho kisha abahatishe.

Pendekezo letu ni kwamba zoezi hilo hilo lihamishiwe kwenye nathari ngumu. Mwanafunzi apewe aya moja iliyosongamana, aiandike upya kwa sentensi fupi, bila kuongeza rai yake na bila kuacha dai hata moja. Sentensi yetu ya hapo juu ingefasiliwa hivi:

"Wakoloni walikuwa na sera zao. Watawala waliokuja baada yao walizirithi. Watu wengi walidhani kwamba uhuru ungeziondoa sera hizo. Hazikuondolewa. Baadhi ya watawala wapya walizitumia kuwanyamazisha watu waliokuwa wakizipinga tangu mwanzo."

Tazama sentensi ya nne: "Hazikuondolewa." Katika matini asilia haikuandikwa popote. Imezaliwa na kitenzi "walidhani" kilichoandamana na "zilizotumiwa". Mwanafunzi anayeiandika amefanya kile ambacho watunzi wa mitihani hukiita kudokoa maana iliyofichika, naye amekifanya bila kukariri jina lake. Na asipoiandika, mwalimu huona papo hapo ufahamu ulipokatika. Jibu la kuchagua lenye herufi moja haliwezi kumwonyesha hilo kamwe.

Kufasili si ufupisho. Mwanafunzi anayefupisha hutakiwa kuacha mambo, na mara nyingi huacha hasa lile asilolielewa. Anayefasili hana mahali pa kujificha.

Karatasi yetu wenyewe

Tugeukie sasa KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambao ndio uliokuwa mlango wa chuo kikuu kwa kizazi kizima cha Wakenya. Karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, ina alama 80: ufahamu una 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Katika ufahamu mtahiniwa huandika majibu yake mwenyewe. Hili ni jema, na hapa tunawazidi wenzetu wa SAT.

Lakini hila haikukosa njia. Mwanafunzi wetu hujifunza mapema kulitafuta neno la swali ndani ya kifungu, kisha akainakili sentensi lilimo. Maswali yanapofuata mpangilio wa aya na kutumia maneno ya kifungu chenyewe, hila hiyo humpatia alama hata kama hakuelewa. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, waliofaulu vizuri Kiswahili katika kidato cha nne, matini ya kurasa mbili ambamo mwandishi anaeleza rai fulani kisha anaipinga. Wengi wao waliandika kwamba mwandishi anaiunga mkono rai hiyo. Walikuwa wamenakili, kwa uaminifu mkubwa, sentensi za mpinzani. Hatukuwalaumu. Walikuwa wakifanya lile lililowafikisha pale walipokuwa.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa watunzi wa mitihani. Mosi, katika kila kifungu kuwe na angalau swali moja lisilojibika kwa kunakili, hususan swali la kutenganisha sauti: hii ni rai ya nani? Pili, sehemu ya alama itengewe kufasili sentensi moja ngumu kwa maneno ya mtahiniwa mwenyewe. Tatu, urefu wa kifungu ulindwe. Kenya imo katika mageuzi ya mfumo wa elimu. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mitihani mipya inatungwa. Katika wakati kama huu kishawishi cha kuiga vifungu vifupi vya kompyuta ni kikubwa, kwa maana ni rahisi kuvitunga na rahisi kuvisahihisha. Tusiviige kwa sababu hiyo peke yake.

Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga kwa hoja ya haki. Atasema: kifungu kirefu na kigumu humwadhibu mtoto wa shule isiyo na maktaba, ambaye hakuwahi kusoma kitabu kizima zaidi ya vile vilivyotahiniwa. Si afadhali kifupishwe ili wote wawe sawa?

Tunalikubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba maarifa hayakugawanywa kwa usawa, na kifungu kinachochukulia kwamba kila mtahiniwa amewahi kupanda ndege au kucheza gofu ni kifungu cha dhuluma, kama lilivyokuwa lile swali la mashindano ya mashua. Mtunzi ana wajibu wa kuweka ndani ya kifungu maarifa yanayohitajika kukielewa. Ugumu wa mada ngeni isiyoelezwa na ugumu wa hoja iliyojengwa kwa makini ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza uondolewe. Wa pili ubaki.

Nusu ya pili hatuikubali. Kifungu kikifupishwa, tofauti baina ya watoto haiondoki, huahirishwa tu. Mtoto wa maskini atakutana na maandishi marefu chuoni, wakati ambapo hakuna tena mwalimu wa kumfundisha kuyasoma, na hapo ataambiwa kwamba hana uwezo. Isitoshe, hila huuzwa. Anayemudu mwalimu wa ziada na vitabu vya matayarisho huzipata, asiyemudu hazipati. Kufasili kunahitaji ubao, chaki, aya moja na mwalimu mvumilivu.

Pingamizi la pili ni la mwalimu mwenyewe, mwenye darasa la wanafunzi sitini na madaftari ya kusahihisha mpaka usiku. Tunamwelewa. Ndiyo maana hatupendekezi aya nyingi. Sentensi moja ngumu kwa wiki, ikafasiliwa kwa mdomo na darasa zima, wanafunzi wakibishana kuhusu nani ametenda na nani ametendewa, itafanya kazi kubwa kuliko vifungu kumi vilivyojibiwa kimya kimya na kutiwa alama ya vema.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kifungu kigumu katika mtihani wa kuingia chuo kikuu si fumbo la kuzungukwa wala si kipimo kamili cha akili. Ni maandishi yenye matabaka, nayo husomeka na aliyefundishwa kuyatenganisha. Wamarekani wamefika mahali pa kukiondoa kifungu kirefu katika mtihani wao. Sisi bado tunacho, na tunayo pia mila ya kukaa na ubeti mgumu mpaka useme. Tunawaomba wenzetu wanaofundisha mbinu za ufundishaji wa Kiswahili, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu zao, walifanyie uchunguzi pendekezo hili madarasani: je, wanafunzi waliozoezwa kufasili nathari kwa muhula mmoja hutenganisha sauti ya mwandishi na ya mpinzani wake vizuri zaidi kuliko wenzao? Sisi tunaamini hivyo. Lakini imani si ushahidi, na jarida hili ndipo mahali pa kuuleta.